Tangazo la siasa Marekani linamgeuza nani?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Uvira, naishi Erie, Pennsylvania. Novemba 2024 nilipiga kura yangu ya kwanza ya urais hapa Marekani. Miezi ile televisheni, simu na sanduku la barua vilijaa matangazo ya wagombea mpaka watoto wakayakariri. Mume wangu anasema zile ni pesa za kutupa, mtu mzima habadilishwi na tangazo. Mimi naona majirani zetu, wafanyakazi wa kiwandani waliokuwa Wademocrat tangu zamani, wamehamia kwa Trump. Nani kati yetu anasema kweli? Kama matangazo hayafanyi kazi, kwa nini watoe mabilioni? Na namba yangu ya simu waliipata wapi?

JIBU: Dada, hongera kwa uraia, na pole kwa Oktoba ile. Kwa mtu asiyependa matangazo, ulikuwa umekaa mahali pabaya kuliko pote. Pennsylvania ina kura 19 katika zile za wajumbe wanaomchagua rais, nyingi kuliko jimbo lolote kati ya yale saba yaliyokuwa na ushindani mkali mwaka 2024, na hakuna jimbo lililomwagiwa fedha za matangazo ya urais kama lenu. Kwa nchi nzima, ukijumlisha na vinyang'anyiro vya Seneti, Baraza la Wawakilishi, magavana na kura za maoni za majimbo, matangazo ya msimu ule yalikula zaidi ya dola bilioni 10. Mpaka wa jimbo la New York uko karibu nusu saa kwa gari kutoka kwenu, na upande wa pili, ambako mshindi alijulikana mapema, kampeni za urais hazikuona sababu ya kumwaga pesa.

Mumeo ana hoja nzito kuliko unavyotaka kukubali. Nawe hujakosea: majirani wamehama kweli, takwimu za kaunti yenu zinaonyesha. Ila kilichowahamisha sicho kile kilichokuwa kikiwakatizia taarifa ya habari ya jioni. Swali lako la mabilioni ndilo tamu zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu lake haimo vichwani mwa wapiga kura.

Tuanze na mumeo. Mwaka 2018 watafiti wawili, Joshua Kalla na David Broockman, walikusanya majaribio 49 yaliyofanyika kwenye kampeni halisi: kubisha hodi nyumba kwa nyumba, kupiga simu, kutuma barua, kurusha matangazo. Kundi moja la wapiga kura linafikiwa, lingine linaachwa, kisha wanalinganishwa. Kwa uchaguzi mkuu, makadirio yao bora ya idadi ya watu wanaobadilishwa mawazo na juhudi hizo yalikuwa sifuri. Walikuta nyufa chache, hasa pale mgombea alipokuwa na msimamo usiopendwa na kampeni ikatumia nguvu nyingi kuwatafuta watu hasa wanaoweza kuyumba. Lakini katika hali ya kawaida, sifuri.

Sababu yake unaiona kwenye karatasi ya kura. Kando ya jina kuna chama, na kwa Wamarekani wengi chama ni kitu cha familia, kanisa, mtaa na kazi. Jambo hili si geni. Mwaka 1940, Roosevelt alipopambana na Willkie kuwania urais, Paul Lazarsfeld na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walikwenda kuwafuatilia wapiga kura mwezi baada ya mwezi, kuanzia Mei hadi Novemba, katika kaunti iitwayo Erie. Si Erie yenu. Ni ile ya Ohio, kwenye ziwa hilohilo. Walitaka kuona redio na magazeti yakigeuza watu. Wakakuta waliogeuka ni wachache mno. Wengi walikuwa wameshaamua kabla kampeni haijachemka, na waliosita waliwasikiliza zaidi watu wao: ndugu, wafanyakazi wenzao, yule jirani anayesoma magazeti kuliko wengine. Zaidi ya miaka 80 imepita, televisheni imekuja, simu zimekuja, na matokeo hayo bado hayajapinduliwa.

Hata pale tangazo linapofanya kazi, halikai. Mwaka 2006 kampeni ya gavana wa Texas, Rick Perry, ilikubali jambo ambalo wanasiasa hulikwepa: iliwaachia watafiti wapange kwa bahati nasibu mji gani upate matangazo kiasi gani na wiki gani. Matangazo yalimpandisha Perry, na si kidogo. Lakini baada ya wiki moja hivi athari ile ilikuwa imeyeyuka. Sasa unaelewa kwa nini mwanao aliyakariri mwishoni mwa Oktoba na si Julai.

Kama pesa peke yake ingetosha, rais angekuwa Michael Bloomberg. Aliingia kwenye mchujo wa Democratic Novemba 2019, akatoa mfukoni mwake zaidi ya dola bilioni moja, zaidi ya nusu bilioni ikienda kwenye matangazo, akaonekana kila mahali. Tarehe 3 Machi 2020, siku majimbo mengi yalipopiga kura pamoja, akaongoza American Samoa peke yake, visiwa vilivyoko Pasifiki. Kesho yake akajitoa. (Joe Biden siku zile hakuwa na pesa hata ya kumkaribia, na ndiye aliyeondoka na ushindi.)

Basi kwa nini watoe? Kwanza, hesabu. Trump alishinda Pennsylvania mwaka 2016 kwa kura kama 44,000 kati ya zaidi ya milioni sita. Biden akashinda 2020 kwa kura kama 80,000. Mahali kama hapo huhitaji kugeuza watu wengi. Ukiwapata watu wanane hadi kumi na wawili kati ya kila elfu, uliowavuta kutoka upande wa pili au uliowaamsha tu wa kwako waliokuwa wanataka kubaki nyumbani, umeshinda jimbo. Wapo watafiti waliolinganisha watu wa pande mbili za mpaka wa maeneo ya matangazo ya televisheni, majirani walewale isipokuwa wengine wanapata matangazo mengi na wengine machache. Walikuta idadi ya jumla ya wapiga kura haibadiliki, ila mgawanyo unasogea kidogo: tangazo huwatoa nyumbani wafuasi wa huyu na kuwapunguza wa yule, bila kumbadilisha mtu imani.

Pili, woga wa kuwa kimya. Matangazo ya pande mbili yakilingana yanafutana. Lakini hakuna meneja wa kampeni atakayethubutu kunyamaza kwanza ili tuone. Tatu, na hili halisemwi sana hadharani, washauri wanaonunua muda wa televisheni kwa desturi hulipwa kamisheni kwa asilimia ya kiasi wanachotumia. Mtu anayelipwa hivyo hawezi kukushauri upunguze matangazo.

Lakini sababu inayonishughulisha mimi ni ya nne, na ili niieleze itabidi nikurudishe miaka zaidi ya 30.

Tarehe 22 Septemba 1993 Rais Bill Clinton alisimama mbele ya Bunge akiwa na kadi mkononi, kadi ya bima ya afya ambayo alitaka kila Mmarekani aipate. Uchunguzi wa maoni wa siku zile ulionyesha watu wengi wanaunga mkono. Mwezi uleule likaanza tangazo lililolipiwa na chama cha kampuni za bima, HIAA. Si bima zote: kampuni tano kubwa zilikuwa zimeshajitoa kwenye chama hicho, waliobaki walikuwa wale wa kati na wadogo walioona sheria ile ingewafuta. Aliyekiongoza, Bill Gradison, alikuwa mbunge wa Republican kutoka Ohio, ametoka bungeni miezi michache tu iliyopita.

Tangazo lenyewe halina kelele. Mke na mume wa makamo, Harry na Louise, wamekaa jikoni, bili zimetapakaa mezani. Maandishi yanakuambia kwamba huu ni wakati ujao. Louise analalamika kuwa bima yao ya zamani haipo tena. Sauti ya msimulizi inaingia: huenda serikali ikatulazimisha kuchagua katika mipango michache iliyobuniwa na maofisa wa serikali. Wanarudi wale wawili. Harry anasema: wao wanachagua. Louise anamalizia: sisi tunapoteza. Hakuna damu, hakuna mgombea anayetukanwa. Ni watu wawili wenye bima, wanaoogopa kupoteza walicho nacho. Angalia walivyochaguliwa: siku zile Wamarekani wasio na bima walikuwa karibu milioni 40, na hakuna hata mmoja wao aliyekaribishwa jikoni mle.

Wanaokumbuka kisa hiki watakuambia kwamba Harry na Louise waliwageuza Wamarekani dhidi ya mpango wa Clinton. Ukifuatilia, mambo hayakwenda hivyo. HIAA walitumia kati ya dola milioni 14 na 20 kwa mwaka mzima, pesa ya kawaida tu kwa nchi ile. Hawakuweza kurusha tangazo kote. Walilirusha hasa Washington kwenyewe, na katika maeneo ya wabunge ambao kura zao kwenye kamati zingeamua. Mama wa kawaida anayeishi nje ya maeneo hayo hakuwa amelengwa hata kidogo. Watafiti waliolichunguza baadaye, akiwemo Kathleen Hall Jamieson wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, hawakukuta kwamba tangazo lenyewe liliwageuza wananchi kwa wingi.

Kilichotokea ni hiki. Novemba 1993 Hillary Clinton, aliyekuwa anausimamia mpango ule, alizishambulia hadharani kampuni za bima kwa ajili ya matangazo yale. Usiku huo televisheni zote ziliripoti shambulio, na huwezi kuripoti shambulio juu ya tangazo bila kulionyesha tangazo. Vituo vikuu vikalirusha bure, mbele ya mamilioni ambao HIAA wasingeweza kuwalipia. Magazeti yakaandika juu ya Harry na Louise kana kwamba ni watu wa kweli waliochaguliwa na umma kusema kwa niaba yake. Machi 1994 Bill na Hillary wakacheza igizo la kuwakejeli katika dhifa ya waandishi wa habari, naye Bill akiwa Harry. Hilo nalo likaonyeshwa tena na tena.

Wabunge wakaangalia yote hayo wakahitimisha: wananchi wanaogopa. Dan Rostenkowski, mwenyekiti wa kamati ya Baraza la Wawakilishi inayoshughulikia kodi na bima, mzee wa Chicago asiyetishika kirahisi, mwaka 1994 alifikia hatua ya kufanya makubaliano na Gradison: HIAA wasitishe matangazo katika maeneo ya wajumbe wa kamati yake, naye awasikilize kwenye baadhi ya vifungu. Hebu litafakari hilo, dada. Tangazo ambalo huenda halikumgeuza hata muuza duka mmoja limewapa kampuni za bima kiti kwenye meza ya kuandika sheria. Lilinunuliwa kwa ajili ya macho ya watu wachache sana, na watu hao waliliona.

Sisemi tangazo ndilo lililoua mswada. Mswada wenyewe ulikuwa na kurasa 1,342, umeandaliwa faraghani na jopo kubwa, Wademocrat wamegawanyika, na Desemba 1993 William Kristol alishawaandikia Warepublican waraka wa kuwashauri wasitafute maafikiano bali waupinge mpango wote. Tarehe 26 Septemba 1994 kiongozi wa Democratic katika Seneti, George Mitchell, alitangaza kuwa hauwezi kupita. Novemba hiyo chama chake kikapoteza mabunge yote mawili, na Baraza la Wawakilishi kilikuwa kimelishika miaka 40 mfululizo.

Baada ya hapo hofu ile ikaishi maisha yake yenyewe. Barack Obama alipoanza mpango wake mwaka 2009, wasaidizi wake walikuwa wamekariri kisa cha Harry na Louise. Ndiyo maana hatua ya mapema kabisa ilikuwa kupatana na makampuni ya dawa, wakubaliane kuchangia dola bilioni 80 kwa miaka kumi, nao wagharamie matangazo ya kuunga mkono. Ndiyo maana waliamua kutogusa bima ambazo watu wanazipata kazini, na Obama akarudia kila mahali kwamba anayeipenda bima yake atabaki nayo, ahadi ambayo mwaka 2013 ilimtia aibu baada ya mamilioni kuletewa barua za kusitishiwa. Na waigizaji walewale wawili walirudishwa 2009, safari hii wakiunga mkono mageuzi! Kama leo unanunua bima kupitia Pennie, soko la bima la jimbo lenu, ilhali mumeo anakatwa yake kwenye mshahara kiwandani, na hizo mbili haziongei, jua mgawanyo huo kwa sehemu umechorwa na watu waliokuwa wanaliogopa tangazo la mwaka 1993.

Mtindo huo wa tangazo dogo kubebwa na taarifa za habari una historia. Tarehe 7 Septemba 1964 kampeni ya Lyndon Johnson ilirusha tangazo la mtoto wa kike anayehesabu majani ya ua, kisha hesabu ya kurudi nyuma, kisha bomu la nyuklia. Kampeni ililirusha mara moja tu. Taarifa za habari ndizo zilizolirudia, na mpinzani wake wa Republican, Barry Goldwater, akakuta ameshapakwa sura ya mtu wa kubonyeza kitufe. Mwaka 2004 kundi la maveterani wa Vietnam lilianza na kiasi cha dola 500,000 tu na majimbo matatu, Ohio, West Virginia na Wisconsin, likidai John Kerry, mgombea urais wa Democratic, alidanganya kuhusu vita. Televisheni za kebo zikalibeba mwezi mzima, na madai yake yalilinganishwa na kumbukumbu za jeshi la wanamaji wakati watu wameshayasikia. Agosti 2009 haikuhitajika hata senti: Sarah Palin, aliyekuwa mgombea mwenza wa Republican mwaka 2008, aliandika tu kwenye Facebook kwamba mpango wa Obama ungeunda mabaraza ya maofisa wa kuamua nani afe. Ulikuwa uongo, kifungu kilichosemwa kilihusu daktari kulipwa anapozungumza na mgonjwa kuhusu matakwa yake ya mwisho. Kikaondolewa kwenye mswada hata hivyo. Nani aligeuzwa hapo? Waliokiondoa.

Sasa, ili mumeo asijione ameshinda moja kwa moja, kuna mahali ambapo tangazo humgeuza hata mpiga kura. Ni pale ambapo jina la chama halipo kwenye karatasi ya kura. Mwaka 2020 huko California, Uber, Lyft, DoorDash na wenzao walitumia zaidi ya dola milioni 200 kwa kura ya maoni iliyoitwa Proposition 22, ili madereva wao wasihesabiwe kuwa waajiriwa. California ni ngome ya Wademocrat, vyama vya wafanyakazi vilipinga, Biden mwenyewe alipinga. Ikapita kwa zaidi ya asilimia 58. Watu walifika kwenye swali hilo bila chama cha kuwaongoza, na wengi walichokuwa nacho kichwani ni matangazo na jumbe zilizowafikia hata ndani ya programu ya kuita gari.

Cha ajabu, ukosefu huo wa jina la chama huachia huru upande wa pili pia. Florida siku ileile ilimchagua Trump na papo hapo ikapitisha kima cha chini cha mshahara cha dola 15 kwa saa kwa asilimia kama 61. Missouri, Oklahoma, Idaho, Utah, Nebraska, South Dakota, majimbo ya Republican mtupu, kati ya 2018 na 2022 wananchi wake walipiga kura kupanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, yaani kipande cha sheria ileile ya Obama ambayo wabunge wao waliapa kuifuta. Mtu anamkataa mtu wa Democratic na kuikubali sera ya Democratic katika karatasi moja. Kwa hiyo ukimsikia mchambuzi akisema watu fulani wamelishwa propaganda hawajui maslahi yao, mwulize waliulizwa swali gani.

Nije kwa majirani zako. Mwaka 2012 Obama aliichukua kaunti ya Erie kwa tofauti ya zaidi ya asilimia 15. Mwaka 2016 Trump akaichukua kwa chini ya asilimia mbili. Biden 2020 kwa takriban moja, Trump 2024 kwa takriban moja. Mruko wa 2016 ndio mkubwa, na mwaka huo Hillary Clinton alimzidi Trump kwa mbali sana kwenye matumizi ya matangazo ya televisheni. Kama matangazo ndiyo yaliyowahamisha, wangehamia upande wa pili. Wewe umefika mji ukiwa umeshabadilika, lakini waulize wazee wa mtaa kuhusu kiwanda cha vichwa vya treni pale Lawrence Park. Mwaka 2015, kabla ya kampeni kuanza kuwaka, General Electric ilitangaza kupunguza hadi watu 1,500. Kwa miaka mingi hadithi ya nani alaumiwe kwa mambo kama hayo ilikuwa ikisimuliwa ukumbini mwa chama cha wafanyakazi. Wanachama walipopungua, ikahamia sebuleni.

Sebuleni kuna nini? Hapa ndipo nakupa haki yako. Tangazo ni sekunde 30. Chaneli ni muda wa saa tatu kila jioni, mwaka hadi mwaka. Fox News, chaneli ya habari inayoegemea Republican, ilianza Oktoba 1996, ikaingia kwenye kebo za miji mingine mapema na mingine ikachelewa, kwa sababu za kibiashara tu. Stefano DellaVigna na Ethan Kaplan walilinganisha miji zaidi ya 9,000 na kukuta kwamba pale Fox ilipofika kabla ya uchaguzi wa 2000, Warepublican walipata nyongeza ya kati ya asilimia 0.4 na 0.7 ya kura. Ni ndogo? Mwaka huo Florida, na urais pamoja nayo, iliamuliwa kwa kura 537.

Mara nyingi utasikia kwamba mambo yaliharibika mwaka 1987, serikali ilipofuta kanuni ya 1949 iliyovitaka vituo viguse pande zote za jambo lenye ubishani. Kwa redio kuna ukweli: Rush Limbaugh, mtangazaji wa kihafidhina, alianza kusikika nchi nzima 1988, kwa muda wa saa tatu kila siku ya kazi, bila kulazimika kumpa mpinzani dakika. Kwa Fox hoja hiyo haina miguu. Kanuni ile ilihusu vituo vinavyotumia mawimbi ya umma. Chaneli za kebo hazikuwahi kuwa chini yake.

Septemba 2020 Broockman na Kalla, walewale wa sifuri, walifanya jambo la kuchekesha: waliwalipa watazamaji wa Fox dola 15 kwa saa ili watazame CNN kwa mwezi, na kuwapa maswali kuhakikisha hawadanganyi. Watu hao hawakugeuka Wademocrat. Ila walijua vitu ambavyo wenzao hawakuvijua, kuhusu korona na kuhusu upigaji kura kwa posta, na wakaanza kukubali kwamba Trump akikosea, Fox huenda isiwaambie. Malipo yalipokwisha, wengi walirudi Fox na tofauti nyingi zikafifia. Jirani yako huenda hajashawishiwa kwa hoja yoyote. Ana orodha tofauti ya mambo yaliyotokea jana. CNN na MSNBC (siku hizi MS NOW) nazo huchagua ya kuacha, usidhani huu ni ugonjwa wa upande mmoja.

Kitu kimoja cha manufaa kwa msimu ujao. Tangazo likiwa na mgombea wa urais au wa Bunge la taifa mwenyewe anayesema ameliidhinisha, kituo cha televisheni hakiruhusiwi na sheria kulikataa wala kulihariri, hata kama lina uongo mtupu, na ndani ya siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu lazima apewe bei ya chini kabisa. Tangazo la makundi ya nje, zile Super PAC, halina kinga hiyo: kituo kinaweza kulikataa, na hulitoza mara kadhaa ya bei ya mgombea. Kwa hiyo soma maandishi madogo ya mwisho uone nani amelipa. Jina likiwa zuri mno, kitu cha wazalendo au cha familia, ndipo utafute pesa imetoka wapi.

Namba yako? Ulipojiandikisha kupiga kura, jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa na chama chako viliingia kwenye daftari ambalo Pennsylvania huliuza kwa dola 20 tu kwa shughuli za kisiasa. Kama uliandika namba ya simu kwenye fomu, nayo imo. Kama hukuiandika, kampeni huinunua kwa wafanyabiashara wa taarifa na kuiunganisha na jina. Daftari linaonyesha ni chaguzi zipi ulipiga kura. Nani ulimpa, halionyeshi, na hakuna anayejua. Orodha ya kitaifa ya kuzuia simu za matangazo haizihusu simu za siasa, basi usipoteze muda huko. Ujumbe ukija, jibu STOP. Kampeni za kweli hukufuta, ingawa kila kamati ina orodha yake na utairudia kazi hiyo mara nyingi. Ujumbe usiosema umetoka kwa nani, au wenye kiungo cha kuchangia pesa, ufute bila kujibu. Na kama ulijiandikisha bila chama, tarajia barua za pande zote mbili, kwa sababu kwenye daftari unaonekana ni mtu ambaye bado hajachukuliwa. Ujue tu kwamba Pennsylvania mtu asiye na chama hapigi kura ya kuteua wagombea wakati wa mchujo, na ukitaka kubadili hilo, mwisho ni siku 15 kabla ya siku yenyewe.